Breki ya mkono inayoisha mapema: shajara ya pikapu tatu, Kigoma

Shajara hii inafuatilia pikapu tatu za aina moja zinazofanya kazi mkoani Kigoma. Mbili kati yake zilikuwa zinamaliza shuu za breki ya mkono (vipande vinavyotanuka na kushika dramu, ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu) kabla ya kilomita 9,000. Tunaiandika ili fundi mwingine aweze kurudia vipimo hivi kwenye gari lake na kuyaruka makosa tuliyofanya. Kila hatua inaongezwa inapokamilika.

Shuu ya handbreki haina kazi gari likiwa linatembea. Inavutwa gari limesimama na kuachiwa kabla halijaondoka, kwa hiyo lainingi yake (tabaka la kusugua lililobandikwa juu ya shuu) ingepaswa kudumu miaka. Ikiisha ndani ya miezi, inasugua njiani. Kazi yote ya shajara hii ni kutafuta nini kinaisukuma shuu iguse dramu wakati hakuna aliyevuta wenzo.

Magari na vifaa

Gari A linabeba chumvi kutoka Uvinza. Gari B linapanda Kalinzi hadi Manyovu na kurudi na ndizi, maharage na kahawa. Gari C linazunguka Mwanga, Ujiji na Kibirizi, mara nyingi likiwa tupu au na mzigo mwepesi. Yote ni pikapu za tani moja, dizeli, gia za mkono, springi za majani nyuma, diski nyuma, na katikati ya kila diski kuna dramu ndogo yenye kipenyo cha mm 190 ambamo shuu za handbreki hukaa. Lainingi mpya ina unene wa mm 4.0. Ikifika mm 1.0 inabadilishwa.

Vifaa: venia (kipimo cha unene), chaki ya ubaoni, jeki, stendi nne za tani tatu, choki za mbao za kuzuia matairi, na mizani ya kuning'iniza kama ile wanayopimia samaki Kibirizi, ambayo inatosha kabisa kupima nguvu ya springi. Vumbi la lainingi halipulizwi kwa kompresa. Linaloweshwa kwa maji ya sabuni na kufutwa na kitambaa, kwa sababu lainingi za zamani na za bei ya chini zinaweza kuwa na asbestosi.

3 Juni 2025: Vipimo kabla ya kugusa chochote

Lainingi ilipimwa sehemu tatu kwenye kila shuu, ikachukuliwa ile nyembamba zaidi.

Gari A: kushoto mm 0.8, kulia mm 2.6.
Gari B: kushoto mm 1.1, kulia mm 2.4.
Gari C: kushoto mm 3.7, kulia mm 3.7, na shuu zake ndizo za zamani kuliko zote.

Dramu za kushoto za A na B zimegeuka bluu kwa joto. Grisi ya habu upande huo imeyeyuka na kutoka kidogo nje ya sili.

Neno la kwanza ambalo mwenye gari husikia gereji ni kwamba dereva anatembea na handbreki juu. Vipimo vinasema vingine. Kipande kinachogawa mvuto wa waya, ambacho kipo chini ya gari katikati, huvuta kushoto na kulia kwa nguvu ileile. Dereva akisahau kuachia, pande zote mbili zinaliwa karibu sawa. Hapa kushoto kumeliwa zaidi sana kwenye magari mawili yenye madereva tofauti. Kuna kitu upande wa kushoto, na kuna kingine kidogo kinachogusa pande zote.

Namba za chesisi zilikaguliwa kwenye ukurasa wa mtengenezaji unaoorodhesha magari yanayorudishwa kwa kasoro. Hakuna wito wowote unaohusu breki ya mkono.

7 Juni: Shuu mpya, na kosa la kwanza

A na B zimewekwa shuu mpya, seti ya magurudumu mawili Sh 85,000. Springi za kurudisha shuu zilikuwa na nguvu bado, hazikubadilishwa. Dramu zilipigwa msasa tu.

Baada ya kufunga, wenzo ulipanda meno 12 kabla ya kushika. Tukakaza nati iliyo kwenye wenzo ndani ya kebini mpaka ukashika kwenye meno 5. Magurudumu yakazungushwa kwa mkono yakiwa juu, yakaenda vizuri. Magari yakaondoka. Hilo lilikuwa kosa, na ndilo linalofanyika kila siku kwa sababu ni la haraka na halihitaji kuvua tairi.

12 Julai: Kilomita 1,900 na hasara ya karibu milimita moja

Gari A limerudi: kushoto mm 3.1, kulia mm 3.3. Gari B, kilomita 1,600: kushoto mm 3.2, kulia mm 3.4.

Tulipofungua, mkono mdogo ulio ndani ya dramu, ule unaovutwa na waya ili utanue shuu, haukuwa umekaa mahali pake pa kupumzikia. Ulikuwa umevutwa mbele kiasi cha mm 4, kulia na kushoto. Nati ya kebini ilikuwa imeumaliza ulegevu wote wa waya, kwa hiyo shuu zilikuwa zimetanuliwa nusu muda wote. Gari likiwa baridi na juu ya jeki gurudumu linazunguka. Likitembea, barabara ikitikisa, lainingi inaanza kugusa.

Mpangilio sahihi unaanzia kwenye gurudumu na kuishia kwenye wenzo. Legeza nati ya kebini mpaka waya uning'inie. Hakikisha kwa macho kwamba mkono mdogo ndani ya dramu umerudi mpaka mwisho. Weka diski na uibane kwa nati mbili za tairi ili isicheze. Ingiza bisibisi kwenye tundu la diski, zungusha ajasta ya meno (kigurudumu kinachosogeza shuu karibu na dramu) mpaka diski isizunguke kabisa, kisha irudishe meno 8. Fanya hivyo pande zote mbili. Ndipo uende kebini, ukaze nati mpaka wenzo ushike kati ya meno 6 na 9 ukivutwa kwa nguvu ya kilo 20 kwenye mizani. Mwisho zungusha tena magurudumu, na uangalie tena kwamba mkono mdogo bado umekaa mahali pake wenzo ukiwa chini.

Shuu mpya pia zinahitaji kuzoeana na dramu, la sivyo zinashika sehemu ndogo tu na mwenye gari anarudi kulalamika haishiki, kisha mtu anakaza nati. Kwenye barabara tambarare, kavu, isiyo na watu: mwendo wa km 50 kwa saa, kitufe cha wenzo kikiwa kimebonyezwa muda wote, vuta kwa nguvu ya kilo 9 hivi kwa mita 400. Acha ipoe. Rudia mara mbili au tatu, halafu pima tena meno ya wenzo.

Magari yote mawili yamefungwa upya kwa mpangilio huu, shuu zilezile.

2 Agosti: Kulia kumepona, kushoto bado

Gari A baada ya km 1,100: kulia hakuna upungufu unaopimika, kushoto kumeshuka hadi mm 2.7. Gari B baada ya km 900: kulia vilevile mm 3.4, kushoto mm 2.9.

Kile kilichokuwa kinagusa pande zote kilikuwa nati ya kebini. Sasa limebaki tatizo la kushoto peke yake.

Waya wa kushoto wa gari A ulichomolewa kwenye shuu na kuvutwa kwa mkono. Unakwenda mbele, lakini ukiachia haurudi mwenyewe. Buti ya mpira iliyo mwisho wa kava (ganda la nje la waya) imepasuka, na sehemu ya chini kabisa ya mkunjo, ambapo maji hutuama, kava limevimba kwa kutu. Magunia ya chumvi yakiloa mvua, maji yake yanachuruzika kwenye bodi na kudondoka hapohapo. Buti ile iliyopasuka ndiyo mlango wa maji hayo.

Tulijaribu kuuokoa: waya umening'inizwa wima, umemiminiwa dizeli, kisha oili nyepesi kwa siku mbili, Sh 8,000. Ukawa laini kama mpya.

13 Agosti: Waya uliosafishwa umekwama tena

Siku kumi na moja tu. Ndani ya kava kuna mrija wa plastiki ambamo waya hupita, na ulikuwa umekwisha kuliwa na kutu. Dizeli iliondoa uchafu na kuacha chuma juu ya chuma. Waya wa handbreki wenye kutu ndani ya kava hausafishwi, unabadilishwa. Mpya Sh 75,000, upande wa kushoto, urefu uleule wa kiwandani.

Gari B nalo lilikaguliwa. Waya wake wa kushoto unateleza vizuri na unarudi wenyewe, ila kushoto kunaliwa vilevile. Kwa hiyo kutu ni tatizo la gari A, na haiwezi kuwa sababu ya yote mawili.

16 Agosti: Kuishuku klipu

Kuna mfano unaojulikana Marekani. Wamiliki wa pikapu na magari makubwa ya General Motors ya miaka 1999 hadi 2002, takriban milioni 4, walidai kwamba klipu inayobania shuu ya breki ya mkono ilikuwa na nguvu kupita kiasi, ikaizuia shuu kujiweka katikati na kuifanya isugue dramu mpaka lainingi ikaisha. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya jimbo la Arkansas ilikubali madai hayo yaendeshwe kama kesi ya pamoja. Dawa yake ilikuwa klipu laini zaidi, kipande kidogo cha chuma. Tukaona ni haki kuanza na sehemu hiyo kwetu pia.

Jaribio ni rahisi. Vua springi za kurudisha, acha ile springi ndogo inayobania shuu kwenye bamba la nyuma (bati la kwenye ekseli ambalo shuu hukaa juu yake), kisha vuta shuu kwa mizani mpaka iteleze. Gari B: kushoto kilo 2.4, kulia kilo 2.3. Springi ya kurudisha inavuta kilo 9 ikiwa mahali pake. Ikiwa kurudisha kunazidi kubania kwa zaidi ya mara tatu, shuu haiwezi kubaki nje kwa sababu ya klipu. Kwenye gari B klipu haina hatia.

Gari A likatoa kilo 8 kushoto. Hapo springi ya kurudisha inashinda kwa shida. Tulipoondoa shuu, vile vituta sita vya bamba ambavyo ukingo wa shuu hutelezea juu yake vilikuwa na mitaro ya kina cha mm 0.7. Shuu inaingia kwenye mtaro na kukaa humo kama droo iliyotoka kwenye reli yake. Mitaro imejazwa kwa kuchomelea, ikasawazishwa kwa tupa, ikapakwa grisi ya joto kali kiasi cha punje ya harage kwa kila kituta. Vuto likashuka hadi kilo 2.6. Gharama: fimbo za kuchomelea Sh 5,000, kopo la grisi Sh 12,000 kwa magari yote.

Kosa lililotugharimu hapa: tulichomelea bamba likiwa bado kwenye ekseli, mfululizo bila kulipumzisha, na joto likaunguza sili ya habu. Sili Sh 18,000 na mchana mzima wa kazi. Chomelea kwa vidoto, acha kila kidoto kipoe mpaka uweze kukigusa, na waya wa athi (ule unaorudisha umeme kwenye mashine ya kuchomelea) ubanwe kwenye bamba lenyewe. Ukiubana kwenye chesisi, umeme unapita kwenye beringi na kuzitoboa vishimo.

23 Agosti: Chaki

Gari A, waya mpya, bamba zuri, km 1,000: kushoto mm 2.5. Lainingi imepungua tena, polepole zaidi, lakini imepungua. Gari B pia.

Tukapaka chaki nyeupe lainingi yote ya gari B, tukafunga, tukatembea km 3 likiwa tupu, wenzo haukuguswa. Tukafungua: chaki iko kama ilivyopakwa. Kila kitu kizuri.

Kisha mwenye gari akakumbusha jambo ambalo tulipaswa kulifikiria tangu Juni: gari hili halitembei tupu. Likapakiwa mifuko 18 ya kilo 50, tani moja kasoro kilo 100, chaki mpya, kilomita tatu zilezile. Tulipovua diski ya kushoto, shuu ya mbele ilikuwa na alama safi ya upana wa vidole vitatu, upande wa juu, chaki imefutika mpaka lainingi inang'aa. Kulia chaki haijaguswa.

Jaribio hili linagharimu kijiti kimoja cha chaki. Lingefanywa siku ya kwanza, mzigo juu, lingeokoa miezi miwili.

30 Agosti: Jeki chini ya ekseli, mzigo ukiwa juu

Gereji nyingi hapa, na yetu ilikuwa hivyo, huinua nyuma kwa kuweka jeki chini ya chesisi. Ekseli inaning'inia, springi zinajikunja, magurudumu yanazunguka bure, fundi anasema handbreki haishiki. Gari katika hali hiyo halifanani kabisa na gari lililo barabarani. Springi ya majani imefungwa mbele kwa pini isiyosogea, na nyuma kwa pingu inayocheza. Mzigo ukiikandamiza inanyooka na kurefuka, na kwa kuwa mbele haiwezi kwenda, ekseli yote inasukumwa nyuma. Ukiliinua gari kwa chesisi, ekseli inarudi mbele na ushahidi unafutika.

Kwa hiyo: mzigo wa kilo 900 ubaki juu, choki magurudumu ya mbele pande zote, inua kwa ekseli, weka stendi chini ya mirija ya ekseli karibu kabisa na makalio ya springi (pale springi inapokaa kwenye ekseli), kulia na kushoto. Sasa springi zimekandamizwa kama ziko barabarani, lakini magurudumu yako hewani. Usiingie chini ya gari kabla hujalisukuma kwa bega na kuona stendi hazichezi.

Gurudumu la kulia linazunguka. La kushoto ni zito, na likizungushwa kwa nguvu linalia sauti ya lainingi. Mzigo ukashushwa mifuko sita sita huku mtu mmoja akizungusha gurudumu. Uzito wa gurudumu uliisha ilipobaki mifuko 6, kilo 300.

Chini ya gari jibu likaonekana kwa macho. Kava la waya wa kushoto ni fupi kuliko la kulia kwa sm 18, kwa sababu kiwandani limepitishwa moja kwa moja toka breketi ya chesisi hadi kwenye bamba la breki, bila mzunguko wowote. La kulia lina mkunjo mlegevu. Ekseli ikienda nyuma, kava fupi linakazika kama kamba, na breketi inayolishika upande wa chesisi, bati la mm 2 lenye bolti moja, inapinda kuelekea nyuma. Waya wa ndani kati ya kigawa mvuto na mdomo wa kava unalazimika kuwa mrefu zaidi, na kwa kuwa waya haurefuki, unavuta shuu.

Tuliweka alama ya chaki kwenye breketi na kupima kwa venia: gari tupu sifuri, kilo 900 breketi imesogea mm 6. Waya ukivutwa mm 3 tu gurudumu linaanza kuwa zito. Gari C likapakiwa mifuko ileile: breketi ilisogea mm 2. Springi za C hazijalala. Za A na B zimelala kwa miaka ya mizigo, ekseli zao zimekaa nyuma hata zikiwa tupu, kwa hiyo kava lilikuwa limekwisha kukazika kabla mfuko wa kwanza haujapanda.

Tunaiita hii kasoro ya usanifu inayoshukiwa. Gari jipya lenye springi ngumu halitaionyesha. Lakini pikapu iliyouzwa kubeba tani moja haipaswi kujivutia handbreki yenyewe kwa kilo 600.

6 Septemba: Breketi nene, na mambo yakawa mabaya zaidi

Tulifikiri breketi ndiyo mgonjwa. Tukatengeneza nyingine ya bamba la mm 5, bolti mbili, kwenye matundu yaliyopo ya chesisi (chesisi haitobolewi tundu jipya kwenye ukingo wake wa juu wala wa chini). Sh 15,000, imewekwa gari B. Stendi, mzigo, gurudumu la kushoto linazunguka. Tukaridhika.

Safari ya tatu yenye mzigo, kichwa cha chuma kilichobanwa mwisho wa kava kilichomoka. Breketi ya zamani ilikuwa inapinda na kulisamehe kava. Mpya ikakataa kupinda, na mvuto wote ukaenda kwenye kiungo dhaifu kinachofuata. Gari likawa halina handbreki kabisa upande wa kushoto, kwenye barabara ya milima ya Kalinzi. Dereva aligundua akiwa amesimama mahali tambarare, na mpaka lilipofika kwetu alilizuia gari kwa gia ya kwanza na choki mbili kila aliposimama. Yeyote anayefuata shajara hii asiiguse breketi kabla hajashughulikia urefu wa kava. Kupinda kwa breketi kulikuwa dalili.

20 Septemba: Waya wa kulia upande wa kushoto

Waya wa kulia na wa kushoto wana vichwa sawa na sehemu ya wazi ya ndani ya urefu uleule. Tofauti ni urefu wa kava na waya uliomo ndani yake. Pima hivyo mwenyewe kabla ya kununua, maana hata magari ya aina moja ya miaka tofauti huweza kutofautiana. Waya wa kulia, Sh 75,000, uliwekwa kushoto gari B, na breketi nyembamba ya awali ikanyooshwa na kurudishwa. Sm 18 za ziada zinaunda mkunjo mlegevu mbele ya ekseli.

Kilo 900, stendi chini ya ekseli: gurudumu linazunguka, breketi haijasogea hata nusu milimita.

27 Septemba: Ekzosi

Wiki moja baadaye buti ya mpira ya waya mpya imeyeyuka. Mkunjo ule ulikuwa unaning'inia sm 4 kutoka kwenye bomba la ekzosi, na barabarani ulikuwa unalifikia. Gari lilipokuwa limesimama lilionekana salama. Buti Sh 7,000. Mkunjo umeinuliwa kwa klipu mbili zenye mpira zilizofungwa kwenye matundu ya chesisi, ukawekewa ngao ya bati upande wa ekzosi, Sh 6,000 klipu na bati. Umbali sasa ni sm 11. Klipu zisilibane kava kabisa. Kava lazima liweze kuteleza ndani ya mpira, vinginevyo umetengeneza kava fupi jipya.

Siku hiyohiyo gari A limewekewa waya mrefu, klipu na ngao kwa pamoja. Lainingi ya kushoto wakati wa kufunga: A mm 2.2, B mm 2.3. Hazikubadilishwa.

18 Oktoba: Mvua na vizibo

Mvua zimeanza. Bamba la nyuma lina tundu la ukaguzi lenye kizibo cha mpira, na kwenye magari matatu vizibo vinne kati ya sita havipo. Tope jekundu linaingia, linakauka, na linakuwa msasa kati ya shuu na dramu. Hakuna kizibo madukani hapa, kwa hiyo vimekatwa kwenye tyubu ya zamani ya lori, vipande viwili vilivyobanwa kwa bolti fupi na washa pana. Vimeshika. Buti za waya zimepakwa grisi ndani ya midomo yake kwa sababu ya chumvi.

29 Novemba: Vipimo

Gari A, km 4,100 tangu waya mrefu: kushoto mm 2.1, kulia haijabadilika. Gari B, km 3,300: kushoto mm 2.3, kulia mm 3.4. Kabla ya hapo kushoto kwa A kulikuwa kunapoteza mm 0.4 kila km 1,100.

Uwezo wa kushika umepimwa kwenye mteremko wa kutoka Mwanga kushuka stesheni, asubuhi mapema, kilo 900 juu, choki zikiwa sm 10 kutoka kwenye matairi, upande wa chini wa mteremko, bila kuyagusa, mtu ndani mguu karibu na breki. Meno 7, gari halikusogea kichwa kikiangalia juu wala chini. Diski za nyuma zilipoguswa baada ya safari ya Manyovu zilikuwa na joto linalolingana kushoto na kulia.

Gharama mpaka leo, bila kuhesabu kazi. Gari A: shuu 85,000, waya mfupi 75,000, waya mrefu 75,000, sili 18,000, dizeli na oili 8,000, klipu na ngao 6,000, fimbo 5,000, jumla Sh 272,000. Gari B: shuu 85,000, breketi nene 15,000, waya mrefu 75,000, buti 7,000, klipu na ngao 6,000, jumla Sh 188,000. Grisi ya wote 12,000. Kwa jumla Sh 472,000, na katika hizo Sh 123,000 ni makosa yaliyoandikwa hapo juu: waya mfupi, sili, kusafisha waya, breketi nene na buti. Anayeanza leo na gari la aina hii atahitaji shuu, waya mrefu, klipu na ngao: Sh 166,000.

6 Desemba: Gari C

Mwenye gari C anataka kuanza kubeba mchanga. Springi zake bado nzuri, breketi inasogea mm 2 kwa kilo 900, na shuu ziko mm 3.7. Waya wake haujabadilishwa kwa makusudi. Alama ya chaki imebadilishwa kuwa mkwaruzo wa tupa kwenye breketi na chesisi, na urefu wa springi kutoka kwenye mpira wa kuzuia hadi ekseli umeandikwa: sm 14.2 kushoto, sm 14.4 kulia, likiwa tupu. Litapimwa kila mwezi. Mkwaruzo ukiachana mm 3, waya mrefu unawekwa bila kusubiri shuu.